Flashi Hairudi Tupu

Kwetu Kanoni jirani akikuletea senene kwenye bakuli, bakuli lake hulirudishi tupu. Utatia maharage, utatia hata chumvi, lakini tupu halirudi. Mama alinichapa kwa hilo nikiwa mdogo, na mpaka leo, na mvi hizi, nikishika chombo cha mtu mkono wangu unatafuta cha kutia.

Ndivyo tulivyoishi na mwalimu wangu wa kwaya, kwa flashi moja. Yeye alistaafu akarudi kwao Nyabiyonza. Mimi nikabaki kupiga kinanda kanisani Jumapili na kuhangaika na migomba na mibuni siku nyingine zote. Flashi ilikuja kwangu na rekodi za mpiga piano mmoja wa huko Ulaya, nami niliirudisha nimemwongezea mwingine. Tulibishana vibaya sana. Mimi nilimpenda mzee mmoja wa vidole vyepesi, anapiga kama mvua juu ya bati. Mwalimu akasema, huyo ana haraka ya kwenda wapi? Wake yeye alikuwa mama mmoja mtu mzima, aliyerekodiwa ukumbini watu wakikohoa, anapiga polepole mpaka unataka kumsukuma.

"Huyo ndiye anayesikiliza anachopiga," aliniambia. "Wewe na mzee wako mnakimbizwa na nani?"

Mwishoni mwa mwaka jana flashi ikaja na huyo mama. Ilikuwa nakala yake pekee. Nyingine ilipotea pamoja na simu. Akaniandikia kwamba daktari amemwambia masikio yanaziba: la kushoto limekwisha, la kulia huenda lisivuke masika. "Sikiliza upesi, mwanangu, unirudishie. Nataka nimalizie na huyo mama."

Sasa niseme ukweli, ingawa kuusema kunanichosha. Nilisikiliza wiki ile ile. Kurudisha ndiko kulikonishinda. Nitie nini? Mtu anayeaga masikio yake humpelekei makombo. Nikatafuta. Bando liliisha kabla wimbo haujafika nusu, na mtandao wetu huja ukipenda. Nikipata mmoja, naona hafai kukaa pembeni ya yule mama. Huku mke wangu mgongo unamuuma, shamba linataka kupaliliwa, kwaya nayo inadai mazoezi ya Pasaka kila jioni. Nilikuwa nikikaa kitini na simu mkononi, nasinzia na matope miguuni.

Mwalimu alinipigia mara mbili. "Inakuja, Mwalimu," nikamwambia, "naitafutia kitu."

Akacheka. "Haya. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Baada ya hapo hakupiga tena. Nikamshukuru Mungu, nikasema mzee amenielewa. Mjinga mimi!

Nilikuja kupata kitu mwezi wa sita, kahawa imeshaanza kuchumwa. Binti mmoja wa Kijapani, muziki ule ule wa yule mama, na yeye hana haraka. Nilifurahi, jamani! Niliacha kahawa mkekani, nikapanda bodaboda saa ile ile, nikala vumbi mpaka Nyabiyonza.

Mwalimu alikuwa uani, ameinama anageuza kahawa yake juani.

"Shikamoo Mwalimu."

Hakugeuka. Nikarudia kwa nguvu. Mkewe akatoka jikoni, akamgusa bega, ndipo akaniona, akajinyoosha na kunikumbatia. Mkewe akanitazama juu ya bega la mumewe.

"Tangu wiki ya Pasaka," akasema. "Simu ndiyo ilimshinda kwanza. Sasa hata radi haisikii."

Nikampa Mwalimu flashi yake, maana ningeipeleka wapi tena? Nikamwandikia kwenye simu yangu: nimekuongezea mmoja, nilichelewa nikimtafuta, sikuweza kuirudisha tupu. Akasoma, akasogeza miwani, akasoma tena. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiojisikia wenyewe, hata wapita njia wakageuka:

"Ungekuja mikono mitupu, mwanangu, ningemsikia yule mama."

Na hata ningemwomba radhi, angenisikia kwa sikio lipi?