Uzinduzi wa Kibanduo

Nimezindua kitu kimoja tu maishani mwangu, na kitu hicho kilikuwa na urefu wa kidole gumba. Wenzangu huzindua visima na madarasa. Mimi nilizindua kibanduo cha risasi, pale Mikumi, kando ya barabara kuu, chini ya turubai la kukodi, mbele ya viti vya plastiki ambavyo vingi vilibaki wazi. Siku ile nilimharibia jina fundi aliyenifanyia kazi miaka kumi na mmoja. Ninaandika kwa sababu waliosikia habari ile waliisikia kutoka kwangu, na niliwadanganya.

Kwa asiyejua kazi ya matairi, risasi ninazosema si za bunduki. Gurudumu la gari, hata likiwa jipya, lina upande mzito na upande mwepesi. Usipolisawazisha, gari likishika mwendo usukani hutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Kwa hiyo tunalifunga kwenye mashine ya balansi, linazungushwa, kisha tunabandika vipande vidogo vya risasi ndani ya rimu, upande ule mwepesi. Tairi likibadilishwa, vipande vya zamani lazima vitoke, na gundi yake haina huruma. Ukitumia bisibisi unachubua rimu. Na mtu mwenye rimu za spoti atakusamehe ukimchelewesha, atakusamehe hata ukimwaga chai kwenye kiti chake. Mchubuko kwenye rimu hakusamehe.

Fundi wangu alikuwa mtu wa Kidete, mtoto wa mfanyakazi wa reli, darasa la saba. Alikuwa na kipande cha pembe ya ng'ombe alichokipata kwa wafugaji na kukichonga mwenyewe mpaka ukingo wake ukawa mwembamba kama ukucha. Alimwagia gundi maji ya moto, akasubiri, akaanza kusukuma pole pole huku akiongea na dereva habari za mvua na za tembo waliovuka barabara asubuhi. Risasi ilitoka nzima na rimu ikabaki kama uso wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Madereva wa kutoka Iringa walisimama na kuuliza, "Yule wa pembe yupo?" Wakiambiwa hayupo, waliwasha gari wakaondoka.

Gereji ilikuwa yangu. Jina lililoandikwa ubaoni lilikuwa langu. Waliyemwulizia ni yeye. Sitaki kuzunguka: nilikuwa na wivu, na wivu wa mtu aliyefika kidato cha nne dhidi ya mtu wa darasa la saba ni ugonjwa mbaya, maana mgonjwa anadhani ni maendeleo.

Kifaa nilikipata Dar es Salaam. Kilikuwa kichwa kidogo cha plastiki ngumu, bapa mbele kama patasi, chenye mguu wa chuma wa kuingiza kwenye nyundo ya upepo. Unakilaza juu ya rimu, unabonyeza, kinatikisika kwa kasi na risasi inang'oka. Jina lake la kwenye boksi lilikuwa refu, la Kiingereza, hivyo nikakiita kibanduo. Maelekezo ya ubavuni nayo yalikuwa ya Kiingereza, na kijitabu kilichokuwa ndani sikukifungua. Niliyasoma mbele ya fundi, kwa sauti. Maneno niliyoyajua niliyatamka vizuri, na yale nisiyoyajua niliyapa heshima zake nikayaruka.

Fundi alikijaribu kwenye rimu chakavu. Risasi tatu zikatoka kabla hajamaliza kusema bismillahi.

"Mzee, hiki kitu ni kizuri," akasema. "Kitatupunguzia kazi."

Nilikasirika. Nilikuwa nimemtarajia apinge, na hotuba ya kumjibu nilikuwa nayo tayari.

Hapo ndipo nilipoamua kukizindua. Siku hizi kitu kisichozinduliwa ni kama hakipo. Mke wangu aliponikuta naandika ratiba mezani aliomba kukiona. Nikakitoa mfukoni.

"Hicho?" akauliza.

"Hicho."

"Baba, utepe wenyewe utakuwa mrefu kuliko hicho kitu. Sasa watu wa nyuma wataonaje?"

"Wataelezwa."

"Basi wapigie simu uwaeleze, wabaki makwao."

Sikumsikiliza. Mgeni rasmi nilimpata Kidodi, bwana mmoja mwenye malori ya kubeba miwa, ambaye tangu ajenge ghorofa watu walianza kumwita mheshimiwa bila yeye kugombea chochote. Alikuwa na gari dogo jeupe lenye rimu zinazong'aa hata kukiwa na mawingu. Mpango wangu ulikuwa kwamba mheshimiwa abandue risasi za gari lake mwenyewe kwa mkono wake, apigwe picha, afurahi, na baadaye malori yake yote yaje kwangu.

Siku tatu kabla ya shughuli nilikitazama tena kile kichwa cha plastiki. Kilikuwa cha manjano. Nikafikiria picha. Mheshimiwa wa suti amesimama mbele ya watu, ameshika kitu kama kijiko cha kulishia mtoto uji! Nikaenda kwa mchomeleaji, nikamwambia achonge kingine kama kile kile, ila cha chuma, na akisugue mpaka kiwe kama kioo. Akafanya kazi nzuri sana. Hakuniuliza ni cha nini, naye simlaumu.

Fundi alikiona jioni ile.

"Mzee, kile cha plastiki kiko wapi?"

"Kabatini. Mgeni rasmi hawezi kushika kijiko."

"Lakini plastiki wameiweka makusudi. Chuma kitaichimba rimu."

"Wewe umesoma maelekezo?"

"Sijasoma. Nimeshika rimu."

"Basi mimi nimesoma."

Nilikuja kufungua kile kijitabu miezi mingi baadaye. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mchoro wa patasi ya chuma uliokatwa kwa msalaba mwekundu. Mchoro ule hata mtoto wa chekechea angeuelewa.

Siku ikafika. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili, jambo lililotuhakikishia kuwa kweli ni mgeni rasmi. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ni harusi, alishindwa kuacha mazoea na mara mbili aliwaita watu wawapokee maharusi. Utambulisho ulichukua muda mrefu kuliko yote. Alitambulishwa kila aliyekuja, na baadhi ya ambao hawakuja, kwa kuwa majina yao yalikuwa kwenye karatasi. Nikasoma risala ya kurasa nne kuhusu teknolojia na taifa. Nyani wawili walikaa juu ya bati la jirani wakitusikiliza, na nadhani ndio waliosikiliza hadi mwisho.

Gari la mheshimiwa lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, gurudumu limefunguliwa na kulazwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Utepe ukakatwa. Nikamkabidhi mheshimiwa nyundo ya upepo, kile chuma kinang'aa mbele yake.

Fundi akanyoosha mkono kutoka safu ya nyuma. "Mheshimiwa, samahani kidogo..."

"Fundi, tulia!" mshereheshaji akamkatiza kwenye kipaza sauti. "Wewe umepangwa kwenye neno la shukrani. Una haraka ya kushukuru?"

Watu wakacheka. Fundi hakukaa. Alikuja mpaka ubavuni kwangu, akaniinamia sikioni. "Mzee, nakuomba. Mpe rimu chakavu aanze nayo."

"Kaa chini," nikamwambia. "Usiniaibishe mbele za watu."

Akarudi akakaa. Mheshimiwa akabonyeza.

Sauti iliyotoka siwezi kuiandika. Kina mama waliipokea kwa vigelegele, kwa sababu ratiba ilisema uzinduzi, na waliobaki wakapiga makofi. Mheshimiwa aliposikia makofi akabonyeza zaidi. Kipande cha risasi kikaruka kikatua kwenye sinia la sambusa. Makofi yalipoisha, tuliokuwa karibu tuliona mfereji ndani ya rimu, mrefu kama kalamu, na mwingine pembeni yake, na ukingo wa nje ule unaong'aa umemeguka.

"Hii ni nini?" mheshimiwa akauliza.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kukizima. Badala yake nilisema, na turubai zima likasikia: "Mheshimiwa, tunaomba radhi. Nilimwelekeza fundi afunge kichwa cha plastiki, yeye akafunga cha chuma. Ni tatizo la elimu, mheshimiwa. Mafundi wetu hawasomi."

Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Waliniamini. Nani asiyemwamini mwenye kipaza sauti? Na mshereheshaji, ambaye ratiba kwake ilikuwa kama amri, akaangalia karatasi yake akatangaza, "Sasa tumkaribishe fundi kwa neno la shukrani."

Akaja. Nilidhani atasema ukweli. Lakini mimi nilikuwa mzee wake, tulikuwa mbele za wageni, na kwetu mtu aliyelelewa vizuri hamwumbui mzee wake hadharani. Mimi nilijua hilo nilipokuwa nasema uongo. Ndilo nililolitegemea.

"Tunamshukuru mheshimiwa kwa kuja," akasema. "Na pole kwa rimu." Akanirudishia kipaza sauti bila kunitazama.

Asubuhi iliyofuata alikuja, akaniamkia shikamoo, akaweka funguo za stoo mezani, akaondoka. Madereva walipomwulizia niliwapa hadithi ile ile, na kila nilipoirudia iliongezeka. Mara hakusoma maelekezo, mara nilimwonya mara tatu, mara alikuwa na kiburi. Nilisikia amefungua kibanda huko Kilosa, na sikuuliza zaidi.

Kilichoniamsha nilikikuta Dumila. Nilikuwa nangoja basi kituoni, natafuna hindi la kuchoma, na mwanamume mmoja nisiyemjua akaanza kunisimulia habari ya fundi mmoja mjinga wa Mikumi aliyeharibu rimu ya tajiri. Sasa yuko Kilosa, akasema, na hakuna mwenye gari anayethubutu kumpa gurudumu. Anaziba mipira ya baiskeli na pikipiki. Alisimulia vizuri, kwa maneno yangu mwenyewe, yale niliyoyabuni. Kisha akaongeza la kwake.

"Siku ile alikuwa amelewa chakari."

"Hakuwa mlevi," nikasema. "Yule hanywi kabisa."

"Kwani ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Si basi unajua mwenyewe alivyoiharibu?"

Nikatazama hindi langu. Basi likaja nikapanda, nikiwa nimemtetea kwenye pombe tu.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Kilosa. Kibanda chake kilikuwa upande wa reli, na kompresa kuukuu ilikuwa inanguruma. Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wanasubiri, na mama mmoja mnene, mwenye pikapu ya nyanya, alikuwa amekuja kuzibiwa mpira wa toroli. Wa toroli tu. Pikapu aliiegesha mbali kidogo, kama vile ingeambukizwa.

Fundi aliponiona akasimama, mikono yote gundi.

"Shikamoo, mzee."

Nisingeweza kupigwa kofi likauma kuliko hilo. "Marahaba," nikajibu.

Akanifutia kigoda nikakaa, na yeye akaendelea kukwaruza mpira. Nikamsogelea, nikainama.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Mbona unanong'ona?"

"Kuna wateja."

"Hata siku ile watu walikuwepo, mzee." Hakupandisha sauti. "Ulinisema kwa kipaza sauti. Hii ya sikioni nitampelekea nani?"

 Nikasimama, nikashika nguzo ya kibanda.

"Jamani," nikasema, "ile rimu ya mheshimiwa wa Kidodi niliiharibu mimi. Fundi huyu alinikataza."

Kijana mmoja wa bodaboda akamgeukia mwenzake. "Anasemaje huyu babu?"

"Sijui. Anauza dawa ya meno nadhani."

"Babu, sisi meno yetu mazima!"

"Sema tena, baba," yule mama akapaza sauti. "Hili dude linapiga kelele."

Fundi akainuka, akaenda kuzima kompresa. Ikakohoa, ikanyamaza, na upande ule wote wa reli ukawa kimya. Akarudi akakaa, akafuta mikono kwenye kitambaa, kila kidole kwa zamu.

"Rudia, mzee."

Nikarudia. Nilieleza kwamba kichwa cha plastiki kilikuwa kabatini kwangu, cha chuma nilikwenda kukichongesha mwenyewe, fundi alinikataza mara mbili, na baadaye nikamsingizia kwa kuwa nilijua hatanijibu. Ilikuwa fupi kuliko risala yangu, na hakuna aliyepiga makofi.

"Hee!" akasema yule mama. "Na mzee mzima hivi! Na sisi huku tunamletea huyu baba toroli!"

"Mama, pole pole," fundi akamwambia.

"Pole pole ya nini? Usukani wangu unatetemeka tangu mwezi wa Ramadhani."

Fundi akanigeukia. Nilidhani atasema amenisamehe, na nilikuwa nimeshaanza kuinamisha kichwa nipokee.

"Na Kidodi?" akauliza. "Yule mheshimiwa anajua?"

"Nitakwenda kesho."

"Nenda leo, mzee. Gari la Mikumi bado halijaondoka. Na ukifika kwake, usimwite pembeni."

Nikachukua kofia yangu. Nilipofika barabarani nikageuka nimuage, lakini hakuna aliyekuwa ananitazama. Pikapu ilikuwa imeshasogezwa na kuinuliwa kwa jeki, vijana wa bodaboda wanashusha matenga ya nyanya, na fundi amepiga magoti kando ya gurudumu, anapitisha kidole ndani ya rimu, anatafuta risasi.