Moto wa Mama na Nyumba Niliyoichora

Nikipenda kitu, sina breki. Nilipoamua kumjengea mama nyumba kijijini, kwenye njia ya kwenda Mokambo, nilichora ramani mwenyewe mezani kwangu Lubumbashi, nikatembea nayo kila mahali kama picha ya mchumba. Sebule, vyumba vitatu, madirisha mapana ya vioo, jiko ndani, paa la bati. Matofali tuliyachoma palepale, kwa udongo wa kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba yake ya nyasi. Nilijiona fundi wa mafundi.

Siku ya kumkabidhi, mama aliizunguka nyumba mara mbili, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Moto yangu itakaa wapi?"

Nikamwonyesha jiko la gesi na mtungi wake, jipya, linang'aa.

"Ile moto ya mu chupa, nani atakuja kuiota?"

Akarudi kwenye nyumba yake ya nyasi, hatua ishirini tu kutoka kwenye vioo vyangu. Nilikasirika, nikasema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi.

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Nilipokuja kumwomba msamaha, nilikuta majirani wameuzunguka moto wake, wanamenya karanga, mama anasonga bukari, ugali wetu, huku akicheka. Nyumba yangu imesimama pembeni, tupu. Niliona aibu. Halafu wazo likanipanda kichwani, nikapiga kelele hadi wote wakageuka.

Kesho yake mwashi na mimi tulibomoa ukuta wa jiko. Mahali pake tukajenga chumba cha duara: matofali yaleyale hadi kiunoni, nguzo za miti ya msituni, paa refu la nyasi, na kibaraza cha kukiunganisha na sebule. Mama alitusimamia mwenyewe: "Nyasi ya huku iko kidogo, muongeze!" Jamani, nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Kwao mama, moto wa nyumba mpya hauwashwi kwa kiberiti, hutolewa nyumba ya zamani. Alibeba makaa kwenye kigae, hatua zile ishirini, polepole. Akayaweka katikati ya mafiga matatu, akapuliza, moto ukashika.

Majirani walipiga vigelegele. Mimi, kwa furaha, nikakimbilia ndani na matope ya ujenzi miguuni.

"Weye!" mama akaniita. "Pangusa kwanza miguu mbele ya kuingia kwangu."