Aldeia

Harufu ya kamba wakavu wakikaangwa hunirudisha kwenye jiko la fleti tuliyopanga ugenini, mtaa wa Joubert Park, sisi na mama mmoja wa kaskazini mwa Msumbiji. Wiki ile wageni kama sisi walikuwa wakipigwa mitaani, kwa hiyo sote tulishinda ndani, tumechokana.

Mama yangu alikuwa ameinjika maharage. Jirani yetu huyo wa Msumbiji akaja, akaiteremsha sufuria yetu na kubandika kikaango chake.

"Rudi aldeia yako ukapike huko," akamwambia mama.

Nikamwuliza baba maana yake. Baba alisoma madrasa Bujumbura, na alipenda sana maneno.

"Ni kijiji, kwa Kireno," akasema. "Ila Wareno walilichukua kwa Waarabu. Al-dai'a, yaani shamba."

"Hata neno langu mnataka kuninyang'anya?" jirani akauliza.

Mama alimgeukia baba.

"Nimetukanwa mbele ya mtoto, na wewe unalitafutia tusi ukoo wake?"

Kisha akakinyanyua kile kikaango na kumwaga kamba wote kwenye sinki. Jirani akamkwida mama kanga kifuani. Baba akajitia katikati akisema, "Jamani, jamani," mpaka kofi la mmoja wao likampata yeye shavuni. Sikuona ni la nani, na yeye hakusema.

Tangu siku hiyo, kila nilipomwuliza baba maana ya neno lolote, alimtazama mama kwanza, kisha akasema hajui.