Mtandio wa Idi

Juzi nilipita kwenye kibaraza cha fundi nguo, mtaa wa Nyamirambo. Harufu ya mafuta ya cherehani ilinirudisha utotoni.

Baba wa babu yangu alikuja Kigali kwa miguu kutoka Ujiji, cherehani kichwani. Tulimwita Babu Fundi, na ukoo mzima ulijivunia safari ile. Alasiri moja ya mwaka 1994, wanaume wenye mapanga walipokuwa wakikagua nyumba za jirani, alimvika rafiki yangu Solange mtandio wangu wa Idi, akamketisha kati yetu watoto wa nyumba.

"Hawa wote vitukuu wangu," aliwaambia mlangoni, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Sisi watu wa Ujiji. Ni wageni hapa."

Wakaanza kuondoka. Mimi nilichoona ni mtandio wangu tu.

"Babu, mbona amevaa wangu? Kwao hata Idi hawali!"

Cherehani ikanyamaza.

Wale wanaume wakarudi ndani; Babu Fundi aliwashika miguu, wakamsukuma. Nilidhani wanampeleka Solange kwa mama yake.

Hakunigombeza hata siku moja. Idi ilipokaribia alinishonea mtandio mpya. Nikamwomba ashone na wa Solange, auvae akirudi.

Akaushona.