Aliyegeuza maombi kuwa umbea

Saa tatu asubuhi, cherehani inalia kwenye chumba chenye dirisha moja, nyuma ya duka la vitambaa. Majoho ishirini na matatu ya kwaya, ya zambarau yenye kola nyeupe, yananing'inia ukutani yakiwa tayari. La ishirini na nne liko mezani, na hilo ndilo linalomtoa fundi jasho. Amelifumua mara mbili. Ameshona kwa miaka kumi na tisa, lakini leo anakagua kila mshono kama mwanafunzi.

"Yale mengine niliyashona kwa siku tisa," anasema bila kuinua kichwa. "Hili moja lina siku ya nne. Naona haya hata kulishika."

Joho hilo ni la muuza mboga wa mtaa wa pili, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Zamani wawili hao walikuwa chanda na pete. Walikaa benchi moja kanisani, na mmoja akiugua, mwenzake anawapikia watoto wake.

Miaka mitatu iliyopita, muuza mboga alimfunulia siri: hajui kusoma. Kitabu cha nyimbo alikuwa akikishika tu; nyimbo zote alizikariri kwa kusikia.

"Dada, nifundishe taratibu, watu wasijue," alimwomba. Fundi akakubali.

Alhamisi iliyofuata, kwenye ibada ya akina mama, kiongozi akauliza nani ana ombi. Fundi hakuwahi kukosa ombi hata siku moja. Akasimama.

"Nikasema, 'Tumwombee dada yetu, Mungu amfungue akili, maana kitabu anakishika lakini hajui hata a.' Nilisema kwa upole kabisa. Na machozi nilitoa, usiniulize yalitoka wapi."

Nyuma mtu akaguna, akacheka. Wengine wakaambukizwa. Muuza mboga alikuwa amekaa hapo hapo, kitabu mapajani.

"Haikuwa kumwombea. Ulikuwa umbea," anasema fundi, na sasa mguu umeacha kukanyaga cherehani. "Nilitaka waone kwamba mimi ndiye ninayeaminiwa siri za watu. Basi. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta."

Muuza mboga alirudi Jumapili iliyofuata, akaimba. Aliyetoweka ni fundi. Mara ya kwanza alisema ana homa, mara ya pili kazi zimembana, mwisho akaacha hata kutafuta visingizio. Wateja nao wakapungua, kutoka nguo kumi kwa wiki hadi nne.

"Siwalaumu. Nani ampe kiuno chake akipime mtu mwenye ulimi kama wangu?"

Kusali nako kukamshinda. Akipiga magoti, neno la kwanza linalomjia ni lile lile, "tumwombee." Anainuka, anarudi jikoni.

Mwezi uliopita mama mchungaji akamletea mafurushi ya kitambaa. "Mama, kama wewe huji, basi mikono yako ije," alimwambia, akaondoka kabla hajajibiwa.

Waimbaji wakaja kupimwa mmoja mmoja. Muuza mboga alikuja wa mwisho, Jumamosi iliyopita. Fundi alimzungushia futi kifuani, akaandika daftarini. Kisha muuza mboga akainamia daftari.

"Umeandika thelathini na nane," alisema. "Futi imesoma arobaini."

Fundi akaitazama tena futi; kweli ni arobaini. Kumbe mwenzake amesoma darasa la watu wazima miezi kumi na minne, kila jioni, baada ya kufunga meza ya mboga. Alijifunza bila yeye.

Fundi alilia. Alitaka kuomba msamaha pale pale, lakini muuza mboga akamshika mkono wenye chaki.

"Hapa tuko wawili tu, dada. Uliniombea mbele ya watu, niombe radhi mbele ya watu. Mimi moyoni nilishamaliza. Wewe ndiye hujamaliza."

Tangu siku hiyo, fundi anashona na kufumua. Binti yake anamtania kwamba joho hilo litavaliwa siku ya ufufuo. Mama mtu hacheki.

Kesho ni Alhamisi. Atapeleka majoho yote kanisani, aingie kwenye ibada ya akina mama, na kiongozi akiuliza nani ana ombi, atasimama. Maneno ameyajaribu mbele ya kioo cha wateja.

"Mwanzo unatoka vizuri. Nikifika pale pa kusema kwa nini nilifanya, sauti inakata."

Anakata uzi kwa meno, analigeuza joho, analitazama. Safari hii mishono imenyooka.

"Watacheka, nawajua," anasema. "Na wacheke. Namwomba Mungu kitu kimoja tu, nisikimbilie mlangoni. Yule dada siku ile alikaa mpaka amina."