Skopu ya mjomba ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli: nilivyochagua mount mpya, na majibu tuliyopata uwanjani

Wakuu, salamu kutoka Kigali.

Hii haijatoka kwa rafiki wa rafiki. Mikono iliyokaza skrubu ni yangu. Asiyeamini apite kimya kimya, hatutagombana.

Mimi nina gereji Gatsata, hapa hapa Kigali. Nimezaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, na mjomba wangu bado yuko huko. Ni mwindaji wa siku nyingi, bunduki ina kibali na vitalu analipia kihalali.

Msimu uliopita alimjeruhi pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe. Mnyama akakimbia na risasi mwilini, wakamfuata mpaka giza, hawakumpata. Mzee aliumia sana. Watoto wake wakaanza maneno: baba, macho yamekwisha, rudisha bunduki polisi.

Akapanda basi mpaka stendi ya Nyabugogo hapa Kigali, skopu, yaani darubini ya kulengea, kwenye begi, na mount zake, vile vyuma vya kuifungia kwenye bunduki, zikiwa bado zimeishika. Bunduki aliiacha kwake, mpakani huvuki nayo.

Akaniambia, "Mjomba, wewe ni mtu wa vyuma. Niambie ukweli. Ni jicho langu au ni hiki kitu? Kama ni jicho, naacha. Sitaki kumtesa mnyama mwingine."

Nikafungua. Wakuu, nilicheka mpaka nikaona aibu.

Skopu yake ina bomba la inchi moja. Ringi alizouziwa, zile pete za mount zinazobana bomba, ni za milimita thelathini. Sasa fundi wa kule, ili kuziba pengo, akazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli!

Ule ule tunaofungia mizigo kwenye keria. Huku kwetu mpira wa tyubu unatibu kila kitu, kuanzia bomba la maji mpaka jembe. Ila bunduki inapiga teke. Kila risasi ikitoka, mpira unabonyea, skopu inasogea kidogo. Leo unalenga bega, kesho unapiga tumbo.

Kijana wangu wa gereji, Eriki, akaangalia akasema, "Yewe boss, si iko inashika vizuri? Ongeza tu mpira ingine, kaza sana."

Nikamwambia sha, kijana wangu, wewe baki kwenye breki.

Nikamwambia mjomba bila kupepesa: ni chuma, siyo jicho. Niliapa kabisa. Mzee alikula chakula chote siku hiyo.

Basi, kuchagua. Sikilizeni wanaotaka kununua.

Kwanza ringi ilingane na bomba. Hakuna cha kuziba pengo, iwe karatasi, kopo la soda au gundi.

Pili, kimo. Watu wanapenda skopu ikae juu juu, wanasema inapendeza. Ikikaa juu, shavu linaachana na kitako na kichwa kinaning'inia. Chukua ringi fupi kadiri lenzi ya mbele itakavyoruhusu bila kugusa mtutu. Binti wa mjomba, Odeta, ambaye ni askari wa wanyamapori, alipima kwa rula kutoka kwenye besi, kile kipande cha chini kinachokaa juu ya bunduki, hadi mtutu, akanitumia WhatsApp. Nikapiga hesabu, tukaagiza za chuma kutoka duka la silaha lenye leseni kule Arusha.

Zilipofika kwa mjomba nikavuka mpaka wa Rusumo na spana yangu ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Nikafuta mafuta yote chini ya besi na kwenye matundu ya skrubu. Ile grisi mnayopaka ili isishike kutu ndiyo inayolegeza. Nikafunga besi. Nikalaza skopu kwenye ringi, bado sijakaza. Mjomba akaweka bunduki begani, macho yamefumbwa, kisha akafumbua. Nikaisogeza mbele na nyuma mpaka akaona duara zima bila kivuli. Nikanyoosha msalaba wa kulengea ulio ndani ya skopu, nikakaza kwa kupishana, upande huu kidogo, upande ule kidogo. Kwa kipimo, siyo kwa hasira.

Tukaenda uwanja wa shabaha unaoruhusiwa. Odeta akaanza, kitako kikiwa juu ya mfuko wa mchanga. Baada ya kurekebisha skopu, matundu ya risasi zake kwenye karatasi yalikaribiana, ukiyafunika kwa kiganja huyaoni.

Nilitamba, sitaficha. Nikasema, mnaona!

Akakaa mjomba. Tundu moja juu, moja pembeni, moja nje ya karatasi. Akapumzika, akanywa maji, akarudia. Vilevile.

Odeta akapiga tena. Katikati.

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye sanduku la spana, na wakuu, niliwaza kulegeza skrubu moja tu, ili mzee apate cha kulaumu.

Mjomba akatoa risasi zilizobaki, akafungua bunduki kuonyesha iko tupu, akamkabidhi binti yake.

"Mama, kaanze kufuatilia kibali chako cha bunduki hii."

Kisha akanigeukia. "Asante, mjomba. Ile tyubu ingenifanya nijidanganye mpaka nife."

Nilishindwa kumtazama.

Nilichojifunza: funga mount sawasawa kabla hujamlaumu mtu wala jicho. Ila ukishafunga sawasawa, uwe tayari kwa jibu, na usimwapie mzee kitu ambacho hujakijaribu uwanjani. Mount nimefunga vizuri na nitaifunga hivyo hivyo kesho, hapo sibishani na mtu. Kile kiapo ndicho kinaniuma.

Wenye mount za aina nyingine leteni uzoefu. Na wenye wazee walioacha kitu walichokipenda, niambieni mnaongea nao nini jioni. Ananipigia simu kila siku na mimi namuuliza habari za mvua tu.