Mashine Ilichagua Sauti Yangu

Mi njo fundi wa sauti wa kanisa letu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Ilipoletwa kutoka Lilongwe mashine inayofungua yenyewe mikro ya mwenye kusema na kufunga zingine, niliambia pasteri nilisomea mambo hayo Bukavu. Bukavu nilisomea kushona. Lakini nilijiapiza: hii mashine haitanishinda!

Jumapili mahubiri yalienda muzuri, kwaya pia. Nikavimba kichwa. Kisha pasteri akasema, "Sasa kila mutu aombe!" Kwetu bantu wote banaomba pamoja kwa nguvu, hakuna anayesikia siri ya mwenzake. Na mi nikafumba macho, nikainama juu ya meza yangu, penye mikro ya akiba iliyounganishwa na mashine, nikalia: "Baba, nisaidie! Nilidanganya pasteri! Mi ni fundi wa cherehani tu, hii mashine nabonyezabonyeza!"

Nikafumbua macho. Kanisa zima limeacha kuomba, bananiangalia. Mashine ilikuwa imeona sauti yangu njo kubwa kuliko zote, ikanifungulia mi mikro ya akiba na kufunga ya pasteri; siri yangu yote ilitoka kwa spika.

Pasteri akaweka chini mikro yake iliyozimwa, akasema kwa mdomo mutupu:

"Amina, fundi wa cherehani."